Kutembeza kitabu msimu wa korosho: Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Ndanda mpaka Lindi

Nimerudi, nimelala, nimefua, na vumbi la barabara ya Mnivata bado limo kwenye zipu ya begi. Wengi mlikuwa mnaniuliza kwenye status, dada hivi vitabu unamuuzia nani huko vijijini, basi nimekaa na kidaftari na picha za kwenye simu nikaunganisha. Njiani nilikuwa naandika kwa mkato tu, "konda boksi 2,000", "mama wa Nanyamba", vitu kama hivyo, kwa hiyo kama kuna sehemu imeruka ujue hata daftarini haimo.

Kwa msionijua, nina kibanda cha stesheneri na fotokopi Mtwara mjini na mwaka 2024 nilichapisha riwaya yangu kwa hela yangu mwenyewe. Kurasa 148, binti wa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anakuja kugundua kwamba mzani wa baba yake unaiba. Nilichapishia Dar nakala 300, kila moja 4,800, ipigeni wenyewe, ni milioni moja laki nne na arobaini, hapo maboksi hayajapanda basi. Nauza elfu kumi. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nilichukua Maktaba Kuu ya Taifa na hakimiliki nikasajili COSOTA, hayo yafanyeni mapema kabla kava halijaenda kuchapwa maana namba inatakiwa ikae humo humo. Mtwara mjini nilishawauzia ndugu, majirani na walimu wanaokuja kutoa kopi za mitihani, wakaisha. Ukishawamaliza ndugu ndo unajua kama una kitabu au una ndugu tu.

Na kwa nini nilikwenda Oktoba? Huku kwetu hela ina miezi yake. Mwezi wa sita wa saba watu wanahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho, mwezi wa pili wa tatu wanakopa unga, ukifika na kitabu cha elfu kumi wakati huo utasifiwa sana na utarudi nacho. Minada ya korosho ilivyofunguliwa mwezi huo bei ikavuka elfu nne kwa kilo, nikafunga kibanda nikamwachia mdogo wangu funguo.

Alhamisi, Mtwara kwenda Tandahimba

Stendi ya Mkanaledi saa kumi na mbili asubuhi, nina boksi mbili na begi. Konda akalinyanyua moja akaguna, "dada umebeba vigae?" Vitabu. "Vya dini?" Hapana, riwaya. Akanitazama kidogo kisha akasema basi elfu mbili kila boksi, vya dini ningekubebea bure. Nauli 7,000.

Mpaka Mnivata ni lami, kama kilomita 50, unasinzia. Mbele ya hapo ndo ule mradi wa lami ya kwenda Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160, kwa hiyo ni diversheni juu ya diversheni, mchanga mwekundu, greda linarudi nyuma taratibu na basi zima linalisubiri. Kuna sehemu lori la kokoto lilikuwa limekwama tukazimiwa injini.

Nilikaa na mama mmoja mtu mzima anashukia Nanyamba. Nilikuwa na nakala moja mapajani makusudi, kava juu. Akauliza, "mwanangu, hiki cha kusoma au cha shule?" Hilo swali nimelisikia safari nzima, na jibu lake ndo linaamua kama mtu anaendelea kukusikiliza. Nikamwambia cha kusoma mama. Akasema sina miwani, nisomee. Nikaanza kumsomea taratibu, basi kimya, mara wa siti ya mbele kageuka, mara kuna mtu nyuma anasema "paza sauti dada, huku hatupati". Nikasimama nimeshika siti nikasoma pale karani anapoingiza ncha ya kiatu chini ya mzani huku anamuuliza mkulima habari za wajukuu. Ubishi ukaanza! Jamaa mmoja anasema hayo ya zamani sasa hivi mizani ni ya dijitali, mwingine anamwambia dijitali kwani inajisoma yenyewe? Dereva naye akaacha kuangalia lori akaingia humo. Nikauza nakala nne kwenye gari lililosimama.

Mama hakuwa na hela lakini kitabu hakukiachia. Tulivyofika Nanyamba akapiga kelele dirishani, akaja kijana wa bodaboda, kumbe mwanawe, akaambiwa mlipe dada elfu kumi. Kijana akatoa huku analalamika, "mama na wewe huna miwani!" Akamjibu, "si wewe utanisomea".

Mnaofuata njia hii: boksi moja liwe miguuni kwako, lisiende buti, na vitabu vifungeni kwenye nailoni kwanza kabla ya boksi. Lile vumbi linapenya kwenye selotepu, na kitabu chenye kingo nyekundu mteja anakiona cha mtumba.

Tandahimba gesti 15,000, maji ya ndoo, neti ipo. Usiku nilikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kwa mama ntilie, 2,500, nikaongeza sahani.

Ijumaa, mnadani

Mnada ulikuwa kwenye kijiji kimoja nje ya mji, boda 4,000. Kwa ambao hamjawahi kuona, siku hizi bei zinakuja kwa mfumo wa soko la bidhaa, TMX, wanunuzi hawasimami pale kupiga kelele. Bei zinaonyeshwa kwenye skrini na kusomwa kwa spika, wakulima waliokaa chini ya miti wanasema tunauza au hatuuzi. Ni watu wengi, wametulia, na wanasubiri. Ukiwa na kitu cha kusema, hadhira kama ile huipati popote.

Nilifika mapema nikamtafuta katibu wa AMCOS nikamsalimia, shikamoo, nikamwomba dakika tano baada ya mnada. Akauliza kitabu kinahusu nini. Sasa hapo ungefanyaje? Nikamwambia kama kilivyo, mzani na karani. Akakifungua katikati, akasoma amesimama, muda mrefu tu, mimi jasho. Halafu: "Mwishoni karani anafungwa?" Nikamwambia usome mzee. Akanunua viwili. Na alivyonikaribisha kwenye spika akasema, "huyu dada yetu ameandika hadithi ya AMCOS, lakini sio sisi", mkulima mmoja kutoka chini ya mkorosho akajibu, "kama sio nyie mbona umenunua viwili?" Watu walicheka mpaka mimi sikuwa na haja ya kujieleza tena, nikasoma ukurasa mmoja nikaacha pale pabaya.

Ila jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: mnadani hakuna hela. Watu wameuza mamilioni lakini malipo yanaingia benki siku kadhaa baadaye, mfukoni mtu ana nauli ya boda. Niliuza taslimu kidogo sana. Kwa hiyo nikageuza daftari kuwa la oda, jina, kijiji, namba ya simu, na nikawaambia hela ikiingia nitumie kwenye lipa namba, kitabu nakupakilia kwenye basi. Kurasa mbili zikajaa majina. Sikuchukua kianzio kwa mtu.

Mzee mmoja akanivuta pembeni, ana mfuko wa korosho ghafi, anataka nipimie kilo tatu anipe, mimi nimpe kitabu. Kwa hesabu ningepata faida. Lakini kununua korosho kwa mkulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ndo kangomba yenyewe, na kizuizi cha njiani wakikuta korosho ghafi kwenye boksi la vitabu utaeleza nini? Nikamwambia baba mimi nimeandika kitabu cha kuwasema hao hao wanaowapunja wakulima. Vijana waliokuwa karibu wakanibandika jina palepale, Mwandishi Kangomba, na mpaka naondoka kijijini naitwa hivyo. Mzee nikamwandika kwenye oda, wa kwanza juu.

Jumamosi, Newala

Gari la asubuhi, vumbi lile lile, sina la kuongeza.

Newala juu kuna upepo na baridi kidogo, chukueni sweta. Kazi ya kwanza haikuwa redio, ilikuwa kutafuta duka. Nikampata dada mmoja anauza vipodozi na vocha karibu na stendi, nikamwachia nakala 15 kwa mali kauli, yeye anauza elfu kumi, ananipa 7,500. Duka la vitabu ungelitegemea? Wateja wa duka la vipodozi wanaingia kila baada ya dakika mbili, na dada mwenyewe alianza kukisoma nikiwa bado naandika hesabu.

Ndo nikaenda redio ya jamii. Hela ya tangazo sikuwa nayo, tukakubaliana nitoe nakala tano za zawadi, wanipe nusu saa kwenye kipindi cha mchana. Nikasoma kurasa mbili, mtangazaji akauliza swali la hadithi, wasikilizaji wakapiga. Aliyepiga wa kwanza hakujibu swali, aliuliza "kinapatikana wapi hapa Newala?" Na wa pili vilevile! Nikataja duka, stendi, dada wa vipodozi. Kama ningeenda redio kabla ya duka ile nusu saa yote ingepeperuka na upepo wa Newala. Msikilizaji mwingine akauliza kama kipo cha sauti maana bibi yake hasomi, nimeliandika hilo na nimelizungushia duara.

Jioni nilipiga picha Shimo la Mungu, kitabu mbele na nyuma yake ule mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Ni picha ya status iliyonipatia maswali mengi kuliko zote, ingawa mengi yalikuwa "hapo wapi?" na sio "kitabu bei gani?"

Jumapili nilifua na kulala. Ndoo za maji nilinunua, Newala maji ni ya kuhesabu.

Jumatatu, Kitangali

Kitangali kuna chuo cha ualimu, na mwalimu mwanafunzi ni mteja mzuri kwa sababu akimaliza chuo anaondoka na kitabu kwenda kwenye shule yake. Noah 3,000, tumebanwa, mbuzi nyuma.

Hapa niongee kuhusu barua. Ukitaka kuingia shule au chuo usitokee tu getini na maboksi, tafuta barua ya utambulisho kutoka ofisi ya elimu ya halmashauri husika, na uwe na nakala kadhaa za barua na moja ya kitabu ya kuacha. Kuna ofisi moja kwenye njia hii, sitaitaja, nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa nane, mhusika yuko kikaoni, kikao kimeisha ameenda kula, amekula ameenda kikaoni. Mhudumu mmoja pale akanionea huruma akaniletea chai na kiazi, akaninong'oneza, "dada rudi na barua yako umeshaichapa, wao wasaini tu, ukisubiri waandike utaota mvi". Nilienda stesheneri nikachapa, nikarudi, ikasainiwa ndani ya dakika kumi.

Msidanganye pia kwamba ni kitabu cha kiada. Vitabu vya kiada vina utaratibu wake wa kuidhinishwa, na walimu wanajua. Mimi nilisema ni riwaya ya kusoma jioni, wakanipa ukumbi saa kumi baada ya vipindi. Wanachuo hawana elfu kumi, wakaja na wazo lao, watatu wanachangia kitabu kimoja. Nikawashushia wakawa wanatoa tisa, elfu tatu tatu kila mmoja. Boksi la kwanza likaisha hapo.

Jumanne, Masasi

Kutoka Newala unashuka mlima, masikio yanaziba, chini joto linakupokea. Masasi na majabali yake, mji una pilikapilika na hela ilikuwa imeanza kuonekana, foleni kwenye mawakala wa simu asubuhi.

Nilizunguka stesheneri kwa mguu. Mmoja alitaka nusu kwa nusu, nikamwambia hapana, kwa 4,800 ya kuchapa na usafiri nabaki na nini? Mwingine akakubali 7,500, nakala kumi. Mali kauli inataka maandishi: idadi, bei, tarehe ya kurudi kuhesabu, sahihi zenu wote na picha ya ukurasa. Sio kwamba watu ni wezi, ila mwenye duka anaweza kwenda msibani, ukamkuta shemeji yake hajui lolote.

Mchana wali na mbaazi za nazi, 3,000. Jioni nilipata ujumbe wa kwanza wa lipa namba kutoka kwa mtu wa mnadani. Ni yule mzee wa kilo tatu.

Wednesday... Jumatano jamani, simu imenibadilishia, Ndanda

Masasi kwenda Ndanda ni karibu, 3,000, lami. Misheni ya Wabenediktini ipo pale tangu 1906, ina hospitali na ina kiwanda cha uchapaji, na mimi nilikuwa nimetamani siku nyingi kuuliza kuhusu toleo la pili badala ya kupandisha maboksi kutoka Dar.

Fundi mmoja alikaa na mimi kwa subira sana. Akachukua kitabu changu, hakusoma hata neno, akahesabu kurasa. Akaniambia karatasi kubwa moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo 144 ni karatasi tisa kamili, 148 umefungua karatasi nyingine kwa ajili ya kurasa nne. "Hizo nne zina nini?" Zina shukrani! Ndugu zangu niliowataja wote wamenigharimu karatasi. Akanieleza pia kwamba mashine za pleti, yale mabati ya kuchapia, gharama kubwa iko mwanzoni, pleti zikishatengenezwa kila nakala inayoongezeka inashusha bei, kwa hiyo ukichapa chache unaumia, na chache zinafaa mashine za dijitali ambazo bei ya nakala haishuki sana hata ukiongeza. Mimi nilikuwa naulizia bei kila mahali bila kuuliza ni mashine gani. Nendeni mkakae na wachapaji, hawana hiyana.

Jioni nikadandia gari linaloenda Mtwara, nikashukia Mnazi Mmoja pale njia panda ili nichukue la Lindi, giza limeshaingia. Mama anayeuza korosho za kukaanga akanipa kigoda, akaliweka boksi langu chini ya meza yake, akachomeka simu yangu kwenye betri yake ya sola, na gari la Lindi lilipokuja akalisimamisha yeye mwenyewe kwa sauti. Nilitaka kumpa kitabu, akasema ninunulie korosho tu mwanangu, mimi saa ya kusoma naitoa wapi. Nikanunua pakiti tano.

Alhamisi, Lindi

Lindi niseme ukweli, mauzo yalikuwa ya kusuasua. Mji mtulivu, joto, bahari imelala, watu wakarimu, kila mtu anakupa kiti na hakuna anayetoa elfu kumi. Niliacha nakala nane kwenye stesheneri moja na tano kwa kijana wa pweza ufukweni, ambaye anawakatia watu pweza, mchuzi na pilipili, halafu wakiwa wanatafuna anawaonyesha kava. Pweza vipande vya 200, nilikula vya kutosha.

Mtu wa Lindi ninayemkumbuka ni mwalimu mmoja mstaafu. Asubuhi alinunua nakala moja, akaenda kukaa kibarazani kwake. Saa kumi akaja kunitafuta pale ufukweni, kitabu chote kimejaa kalamu nyekundu kama daftari la darasa la tano. Koma, nafasi, sehemu binti anaitwa jina moja ukurasa wa 31 na jingine ukurasa wa 90. "Hadithi nzuri, lakini huyu aliyekupitishia alikuwa anasinzia." Nikamwomba nikibadilishe nimpe kipya, akakataa kupokea kipya, akanipa kile chekundu bure na akasema toleo la pili aletewe kabla halijachapwa, na si baada. Namba yake nimeihifadhi juu kabisa.

Ijumaa, kurudi Mtwara

Lindi-Mtwara 6,000, lami, unapita Mikindani mawimbi yako upande mmoja, nikanunua ming'oko ya kuchemsha pale stendi nikala nikiwa bado na begi mgongoni.

Tangu nirudi kazi ni moja, meseji za lipa namba na kupanga mizigo. Oda za mnadani zimelipwa zaidi ya nusu na bado zinaingia kwa sababu benki hazilipi vijiji vyote siku moja. Nawatumia kwa basi la asubuhi, naandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kubwa kwenye bahasha, konda anachukua 1,000 kwa bahasha, na hiyo elfu mnunuzi analipa yeye, tulishakubaliana. Dada wa vipodozi Newala amemaliza zile 15 na ameomba 20, na ameshaanza kuniambia nimwandikie kitabu cha mapenzi. Duka la Masasi nitakwenda kuhesabu tarehe tuliyoandikiana. Wa stesheneri ya Lindi hajapokea simu, labda yuko msibani.

Wale wa Tandahimba mliolipa jana usiku, mzigo wenu umeondoka leo saa kumi na mbili, konda ni yule yule wa vigae.